Maswali ya kumpima mwanachuo wa afya, baiolojia na falsafa ambayo madesa hayawezi kuyajibu

Mleta uzi (mkufunzi, Moshi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Moshi.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wakufunzi, wanachuo na yeyote aliyewahi kukaa mbele ya watahini wa mdomo huku koo likimkauka. Tunawapimaje vijana wanaosoma sayansi za afya, baiolojia na falsafa hata tukajua kwamba wanaelewa, na si kwamba wamekesha na madesa? Nitatoa mfano mmoja. Muulize mwanachuo wa stashahada kwa nini chumvichumvi anayopewa mgonjwa wa kuharisha ina sukari ndani yake. Wengi watajibu kwamba sukari ni ya kumpa mgonjwa nguvu. Jibu hilo linaingia akilini haraka, na halitoshi. Ukuta wa utumbo mdogo una protini inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, moja ikimsindikiza mwenzake, na zote mbili zikishaingia maji huzifuata. Bila sukari, sehemu kubwa ya chumvi na maji uliyomnywesha mgonjwa itapita tu na kutoka. Mwanachuo huyohuyo, ukimwomba tafsiri ya osmosisi, ataiandika bila kukosea hata nukta.

Maoni yangu ni kwamba kosa liko kwenye swali. Vyuo vyetu vimezigawa elimu hizi katika vyumba vitatu: baiolojia hufundishwa jinsi mwili unavyofanya kazi, afya hufundishwa hatua za kuchukua, na falsafa, pale inapofundishwa, hubanwa ndani ya moduli ya maadili, ikatahiniwa peke yake na ikasahaulika kabla ya mazoezi ya wodini. Mgonjwa haji akiwa amegawanyika namna hiyo. Kwa hiyo napendekeza maswali ambayo hayajibiki mpaka mtu apite vyumba vyote vitatu: nini kinatokea, utafanya nini, na unajuaje kwamba uko sahihi.

Naanza na la nyumbani. Mama mmoja anaishi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Anachemsha maji ya kunywa kila siku, na kweli watoto wake hawaharishi. Hata hivyo, meno yao ya kudumu yanaota yakiwa na madoa ya kahawia. Baba yao aliyehamia hapo akiwa mtu mzima hana doa hata moja. Mama anakuuliza: nichemshe kwa muda mrefu zaidi? Mjibu, na umweleze sababu.

Mwanachuo wa mwaka wa pili, Arusha

Shikamoo Mwalimu. Naomba nijaribu. Madoa hayo yanatokana na floraidi, ambayo huku Arusha ni nyingi kwa sababu maji yanapita kwenye miamba ya volkano. Kwa kuwa kuchemsha kwa kawaida kunaua vijidudu tu, nafikiri mama achemshe kwa muda mrefu zaidi ili floraidi nayo ipungue. Kuhusu baba, labda mwili wake una kinga zaidi kuliko wa watoto.

Mleta uzi

Marahaba. Umeanza vizuri sana na umemaliza vibaya, na nashukuru umejibu kwa ujasiri, kwa sababu kosa hilo ndilo hasa nililokuwa nalisubiri.

Floraidi si kiumbe, kwa hiyo haina uhai wa kuuawa. Ni ioni iliyoyeyuka ndani ya maji. Yanapochemka, kinachotoka ni mvuke wa maji. Ioni inabaki sufuriani. Chukua lita 10 zenye miligramu 3 za floraidi kwa lita, uchemshe mpaka zibaki lita 8: zile miligramu 30 ziko palepale, na sasa kila lita ina miligramu 3.75. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kumbe yule mama, kwa bidii yake yote, akiongeza muda atakuwa anaongeza tatizo moja bila kupunguza jingine, kwa maana vijidudu vilikwisha kufa maji yalipotokota.

Baba naye hana kinga yoyote ya pekee. Gamba gumu la jino hutengenezwa na seli maalumu kabla jino halijachomoza kwenye fizi, na kazi hiyo ikiisha seli hizo hutoweka. Floraidi inapozidi katika miaka hiyo ya utoto, gamba hujengeka likiwa na kasoro ambayo baadaye hushika rangi. Mtu aliyekulia Mwanza akahamia Usa River, karibu na Arusha, akiwa na miaka 30 meno yake yalikwisha kujengwa. Mifupa yake ni habari nyingine, kwa kuwa mfupa hujengwa na kubomolewa maisha yote, na floraidi nyingi kwa miaka mingi inaweza kuuharibu.

Hatua za kuchukua zipo: maji ya mvua, kuchanganya na maji ya chanzo chenye floraidi kidogo, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao madini yake huinasa floraidi. Njia hiyo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapahapa karibu na Arusha. Sasa chumba cha tatu: kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kiliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kabla hakijateremshwa hadi 1.5. Je, ni haki kuruhusu maji ambayo unajua yatamdhuru mtoto, kwa hoja kwamba usipoyaruhusu atakunywa ya mtoni yenye kipindupindu? Swali hilo sitalijibu mimi.

Muuguzi, Arusha

Mwalimu, kabla sijapinga nitaongeza jambo kuhusu floraidi ambalo wanachuo hulisahau, nalo ni magadi. Familia inaweza kupata maji mazuri kabisa, kisha ikatia magadi kwenye maharage na makande kila siku, na magadi ya ukanda wetu nayo yana floraidi. Ukimhoji mama kuhusu maji pekee utaondoka na nusu ya habari.

Sasa pingamizi langu. Nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi na nimepokea wanachuo wengi wa mazoezi. Wapo wanaojua kufikiri vizuri sana, lakini mgonjwa akizidiwa hawakumbuki dozi. Kukariri kunasemwa vibaya siku hizi kana kwamba ni dhambi. Mgonjwa aliyechomwa sindano ya penisilini akaanza kuvimba uso na kukosa pumzi hahitaji mtu wa kumfafanulia falsafa. Anahitaji mtu anayejua bila kufungua kitabu kwamba mtu mzima huchomwa adrenalini nusu miligramu kwenye msuli wa paja. Naomba uzi huu usije ukawafanya vijana wadharau kukariri.

Mleta uzi

Dada, hoja yako ina uzito, na sehemu yake kubwa naikubali. Dozi ya adrenalini ikaririwe, na asiyeijua asipite, hata awe hodari wa hoja kiasi gani. Yapo mambo ambayo muda wa kuyafikiri haupo.

Ninachouliza ni hiki: ni nani aliyemwambia muuguzi kwamba huyu ana anafilaksia, yaani mzio mkali wa ghafla, na si mtu aliyezimia tu kwa kuogopa sindano? Wote wawili wameanguka na wote wawili shinikizo la damu limeshuka. Mmoja mapigo yake mara nyingi huenda polepole, ngozi imepauka na kifua ni safi; mwenzake mapigo yanakimbia, ana vipele na anakoroma kwa shida ya hewa. Aliyekariri dozi bila kuelewa kwamba katika anafilaksia mishipa imelegea na kuvuja, na njia ya hewa inabana, hatajua ni lini aitoe dozi yake nzuri. Kwa hiyo tupime yote mawili, ila tusidhani kwamba tukipima la kwanza tumepima na la pili.

Mwongoza watalii, Moshi

Habari za jioni. Mimi nilisoma baiolojia chuoni kabla sijaanza kupandisha wageni mlimani, na nina swali ninalopenda kuwauliza vijana wanaokuja kufanya kazi na sisi: kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni ni asilimia ngapi ya hewa? Karibu kila mmoja hujibu asilimia 10 au 11. Jibu sahihi ni asilimia 21 ileile iliyopo stendi ya Moshi mjini. Kilichopungua ni shinikizo la hewa yote, ambalo kule juu ni karibu nusu ya lile la usawa wa bahari, hivyo msukumo wa kuiingiza oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye damu umekuwa mdogo. Asiyelijua hilo hawezi kueleza kwa nini mgeni apande polepole, wala vidonge vya asetazolamidi, vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, vinamsaidiaje. Wengi hudhani vinaongeza oksijeni moja kwa moja. Kinachotokea ni kwamba figo hutoa bikaboneti zaidi kwenye mkojo, damu inakuwa na uasidi kidogo, na ubongo unaamuru mtu apumue zaidi.

Chumba cha tatu cha Mwalimu nacho tunacho mlimani. Mgeni amelipa fedha nyingi na amejiandaa mwaka mzima. Usiku wa kuelekea kileleni, kabla ya kufika Gilman's Point kwenye ukingo wa kreta, anaanza kuyumba, hawezi kutembea kwenye mstari ulionyooka, anajibu maswali ovyo, lakini anasema kwa sauti kubwa kwamba yeye ni mtu mzima na ameamua kuendelea. Je, uamuzi wake uheshimiwe?

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali hili ningelipeleka kwenye mtihani wowote wa nchi hii, na naomba nilikalie kidogo, kwa sababu linaonyesha vizuri kuliko langu kile nilichokusudia.

Mwanachuo aliyesoma maadili peke yake atakimbilia kanuni ya uhuru wa mgonjwa: mtu mzima akikataa ushauri baada ya kuelezwa, uamuzi ni wake. Atanukuu na ridhaa, na atapata alama zake zote. Aliyesoma baiolojia peke yake atasema kwamba ubongo umeanza kuvimba kwa kukosa oksijeni, mtu ashushwe mara moja, apewe oksijeni na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kama ipo, kisha ataishia hapo bila kuona kwamba kuna mtu anayempinga. Lakini ukiviunganisha vyumba unaona kwamba jibu la falsafa limo ndani ya ile kuyumba. Uhuru wa kuamua unategemea uwezo wa kuamua. Uwezo huo unahitaji mtu aelewe habari aliyopewa, aishike, aipime na aeleze chaguo lake. Kiungo kinachofanya kazi hizo zote ndicho kilichovimba. Kauli ya mgeni yule wakati huo haina uzito uleule wa kauli aliyoitoa akiwa getini Marangu, na anayemshusha hamvunjii heshima. Anamlinda yule mtu aliyeamua mambo yake akiwa timamu.

Ila pana mtego, na mwanachuo mzuri atauona: mgeni anayeumwa kichwa na kutapika kidogo, anayetembea sawasawa na kujibu kwa mpangilio, bado ana akili zake. Huyo huwezi kumpoka uamuzi kwa kisingizio kwamba mlima umempanda kichwani. Mwongozaji anaweza kukataa kuendelea naye, na hilo ni jambo tofauti na kudai kwamba hawezi kujiamulia.

Frateri, Kibosho

Tumsifu Yesu Kristo. Nasoma falsafa hapa seminarini, na nimefurahi kuona kwamba somo letu limekumbukwa, ingawa naona limepewa kazi moja tu ya maadili. Falsafa huuliza pia tunajuaje tunachodai kukijua, na upande huu ndio ambao naona watu wa afya wanauhitaji kila saa.

Naomba kutoa swali la mantiki. Kama mtu ana malaria, atakuwa na homa. Huyu ana homa. Kwa hiyo ana malaria. Je, hoja hii ni halali? Nimeona watu wenye elimu wakiikubali, hali ni batili: hitimisho halitoki katika kauli mbili za kwanza, kwa sababu homa ina milango mingi. Nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya matumbo, na kwa wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi, ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo ambao humpata na binadamu. Kwa miaka mingi barani Afrika homa ilitibiwa kama malaria bila kupimwa, mpaka Shirika la Afya Duniani liliposisitiza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Nadiriki kusema kwamba watu walitibiwa kwa hoja batili.

Nawaombeni pia mfikirie habari za Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna, ambaye wodini kwake akina mama wengi walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi. Mwaka 1847, baada ya daktari mwenzake kufa kwa kukatwa kisu wakati wa kupasua maiti, alihisi kwamba wanafunzi wa udaktari walikuwa wanapeleka kitu kutoka kwenye maiti hadi kwa wazazi wodini. Akaagiza wanafunzi wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikashuka sana. Je, kushuka kwa vifo kulithibitisha kwamba nadharia yake ilikuwa kweli?

Mleta uzi

Milele amina, Frateri. Nitalijibu la pili kwa kifupi ili wanachuo walifanyie kazi zaidi. Hapana, hakukuthibitisha, na ushahidi ni Semmelweis mwenyewe. Baadaye yeye na wenzake walimpima mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokuwa inatoa usaha, kisha wakapima wazazi 12 wengine bila kuua vijidudu mikononi, 11 walikufa. Maiti haikuwepo. Ikabidi aipanue nadharia yake ikubali kwamba chanzo kinaweza pia kuwa kitu kinachooza kutoka kwa mtu aliye hai. Klorini ilifanya kazi kwa sababu iliua bakteria ambao yeye hakuwajua. Mwanafalsafa Karl Popper alifundisha baadaye kwamba nadharia ya kisayansi haithibitishwi kwa mifano inayoipendelea. Hupimwa kwa kutafuta mahali inapoweza kuanguka.

La kwanza nitaliendeleza kwa hesabu, na naomba wanachuo wachukue kalamu. Mji una watu 10,000, na asilimia moja wana ugonjwa fulani. Kipimo kinawagundua 99 kati ya kila wagonjwa 100, na kinawaachia huru 99 kati ya kila wazima 100. Umempima mtu mmoja asiye na dalili yoyote, amekutwa chanya. Kuna uwezekano gani kwamba anaumwa?

Mwanachuo wa mwaka wa pili, Arusha

Mwalimu, mwanzoni ningesema asilimia 99, lakini baada ya yale ya floraidi nimeogopa kujibu haraka, nikakaa na kalamu. Wagonjwa ni 100, chanya kati yao ni 99. Wazima ni 9,900, na asilimia moja yao, yaani 99, watakuwa chanya kwa makosa. Chanya wote ni 198, na nusu yao tu ndio wagonjwa. Kwa hiyo ni asilimia 50. Je, ndiyo maana majibu ya VVU hayatolewi kwa kipimo kimoja?

Muuguzi, Arusha

Ndiyo, mwanangu, hiyo ndiyo sababu kubwa. Chanya ya kwanza hufuatwa na kipimo cha aina nyingine kabla mtu hajaambiwa. Na mimi nikuulize la wodini: mgonjwa alitibiwa malaria wiki iliyopita, amemaliza dawa, homa imekwisha. Leo amerudi na kikohozi tu, na kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha chanya. Utampa dawa tena?

Mwanachuo wa mwaka wa pili, Arusha

Sitampa kwanza, Mama. Kipimo hicho kinatafuta protini inayotolewa na kimelea, wala hakimwoni kimelea mwenyewe, na protini hiyo hukaa katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Nitaomba damu iangaliwe kwa hadubini, kisha nishughulikie kikohozi. Ila nina ombi kwa walimu. Sisi wengine maswali kama haya tunayo vichwani, tatizo ni kwamba ukiuliza darasani unaambiwa unapoteza muda wa kipindi.

Mleta uzi

Ombi lako linastahili kujibiwa na sisi wakufunzi, wala si na wewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wa moto wa maziwa na sukari uliganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza mpaka akampata Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekubali kwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala yao. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa juu ya mji wetu. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo lile hutokea kwa uhakika, lakini lilistahili kupimwa kuliko kuchekwa.

Kuhusu usahihishaji, ambao wachangiaji wawili wameniuliza faraghani, mimi hutumia utaratibu huu. Swali la namna hii nalipangia alama 10: 3 kwa maelezo ya kinachotokea, 3 kwa hatua, 4 kwa sababu na kwa kueleza ni jambo gani lingemfanya mwanachuo abadili jibu lake. Aliyekosea takwimu lakini hoja yake inasimama napunguza alama moja. Aliyepata jibu sahihi bila sababu yoyote napunguza hizo 4 zote. Na aliyeagiza hatua inayoweza kumuua mgonjwa, kwa mfano kumruhusu yule mgeni anayeyumba aendelee kupanda, napata shida kidogo kumwandikia sifuri pale anapokuwa ameeleza vizuri kabisa habari za shinikizo la hewa, lakini namwandikia, kisha namwita ofisini tuzungumze.